Moto Huwaka Kabla Mkanda Haujabana

Ewe unayesoma haya na vidole bado vina mafuta, simama!

Futa mkono. Sogeza sahani. Nisikilize!

Sikuiti nikucheke tumbo. Sikuiti nikupime kiuno. Sikuiti nikukumbushe lile gauni lililogoma kufunga zipu asubuhi ya Idi. Nakuita kwa sababu nyumba yako inawaka moto upande wa uani, nawe umekaa sebuleni unauliza chumvi iko wapi!

Na unajua. Hapo ndipo panaponichoma. Ungekuwa hujui ningekaa nawe nikueleze polepole, kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia. Lakini unajua! Nesi wa kliniki amekwambia. Ngazi za ghorofa ya pili zimekwambia. Pumzi yako mwenyewe imekwambia, usiku, ukijigeuza kitandani. Na kila ukiambiwa, jibu lako ni neno moja: Jumatatu.

Jumatatu ipi?

Ya juzi ilikukuta kwenye foleni ya chipsi mayai. Ya mwezi uliopita ilikukuta shughulini kwa shangazi, sahani ya pili mkononi. Baada ya harusi, unasema. Baada ya sikukuu. Baada ya mshahara. Umeahirisha Jumatatu ngapi tangu mwaka uanze? Zihesabu! Zihesabu kwa sauti, watoto wakusikie!

Najua unachosubiri. Unasubiri mizani. Mizani ikivuka ile namba, nitageuka. Mkanda ukifika tundu la mwisho, nitageuka. Magoti yakianza kulia, nitageuka.

Ole wako! Mizani ni shahidi anayefika mahakamani hukumu ikiwa imeshasomwa.

Njoo nikuonyeshe moto unapoanzia.

Chini kabisa ya ubongo wako, juu ya paa la kinywa, pana kijisehemu kisichozidi lozi. Madaktari wanakiita haipothalamasi. Uzito wake ni kama gramu 4. Gramu 4 tu! Lakini hizo ndizo zinazoamua uone njaa saa ngapi, ushibe lini, mwili wako uchome nguvu kiasi gani hata ukiwa umelala fofofo. Wewe unadhani ndiye dereva. Aliyeshika usukani ni huyo.

Humo ndani mna seli za neva zinazopiga kelele, "Kula!" Mna nyingine zinazosema, "Basi, yatosha." Hizo ndizo zilizosifiwa, zilizochorwa vitabuni, zilizotungiwa mitihani.

Je, umewahi kwenda harusini? Ukumbini kila mtu anamwona bibi harusi, anamwona bwana harusi, anamwona mshereheshaji na kipaza sauti chake. Nani anamwona yule mama wa uani, aliyeamka saa kumi alfajiri, anayepuliza kuni, anayechota maji, anayefukuza mbwa kwenye sufuria la pilau? Hakuna! Na siku mama huyo akianguka kwa homa, harusi yote imeharibika, na kipaza sauti hakitaiokoa.

Ubongo nao una watu wa uani. Wanaitwa seli za glia. Mwaka 1856 Mjerumani Rudolf Virchow aliwapa jina lenye maana ya gundi, kana kwamba kazi yao ni kubandika neva zisidondoke. Gundi! Dharau hiyo iliwafuata zaidi ya miaka mia moja. Kumbe katika ubongo wa binadamu idadi yao inakaribia idadi ya neva zenyewe, ambazo ni kama bilioni 86. Uani mna watu wengi sawa na ukumbini, na wewe hujawahi kuwauliza hali!

Watazame watatu tu.

Huyu wa kwanza ni astrosaiti, mwenye umbo la nyota. Analisha neva, anafagia mabaki ya kemikali, anasimamia mlango ambao sukari inapitia kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Mmoja wao anaweza kugusa hadi maungio milioni 2 ya neva. Ana sikio la kusikia insulini na sikio la kusikia leptini, na watafiti walipoyaziba masikio hayo kwa panya, hesabu za njaa na za sukari zilivurugika.

Wa pili ni tanisaiti. Huyu ni tarishi. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman mjini New York iligundua kwamba mafuta ya mwilini hayakai kimya: yanatoa homoni, leptini, inayouambia ubongo, "Ghala limejaa, acha kuingiza." Hiyo ni barua. Na barua lazima mtu aibebe. Mwaka 2014 watafiti wa Lille, Ufaransa, walionyesha kwamba, kwa panya, mmoja wa wanaoibeba na kuivusha mlangoni ni tanisaiti. Kisha wakatazama panya walionenepeshwa. Tarishi anaipokea barua, anaishikilia, haifikishi! Ghala limefurika, barua zimerundikana mlangoni, na mkuu chumbani bado anaagiza chakula.

Hujawahi kumaliza sahani, umeshiba mpaka unahema, na mkono bado unapapasa meza?

Wa tatu ni maikroglia. Mhispania Pío del Río-Hortega ndiye aliyemtambulisha kwa dunia mwaka 1919. Huyu ni mgambo wa mtaa: anakamata vijidudu, anazoa taka, anazunguka usiku na mchana. Mgambo mwenye akili timamu ni baraka. Mgambo aliyepagawa hupiga mwizi, hupiga jirani, hupiga na mwenye nyumba.

Sasa sikia kilichompagawisha.

Mwaka 2012, huko Seattle, Marekani, Joshua Thaler, Michael Schwartz na wenzao walitangaza walichokiona kwa panya waliolishwa chakula chenye mafuta mengi. Wewe unafikiri moto uliwaka baada ya mwaka? Baada ya miezi sita? Baada ya panya kushindwa kupita mlangoni mwa tundu lake?

Ndani ya siku 3!

Siku tatu, ndugu yangu! Ijumaa jioni mpaka Jumatatu, ile Jumatatu yako! Panya hajanenepa kitu cha kusemea. Ukimweka kwenye mizani, mizani inakwambia mambo shwari. Ukimtazama, ni panya yuleyule wa juzi. Lakini ndani ya haipothalamasi dalili za mwako zimeshatokea, ule mwako ambao mwili huuwasha kwenye kidonda. Wiki ya kwanza haijaisha, maikroglia na astrosaiti wametuna na kujikusanya, na neva za hapohapo zinaonyesha alama za kuumia.

Hakukuwa na kidonda. Hakukuwa na kijidudu. Kulikuwa na sahani!

Ngoja, kibaya zaidi kiko mbele. Baada ya siku chache za mwanzo, moto ule ulipungua. Watu wa uani walijitahidi, wakamwaga maji, wakafukia makaa. Kimya kikatanda. Ungekuwa wewe ndiye panya ungenyoosha miguu na kusema, "Mmeona? Maneno ya watu tu." Ukaendelea kula. Wiki ya nne moto ukarudi, na safari hii ukakaa.

Kimya hicho unakijua! Wewe uliyepimwa mwaka jana ukaambiwa presha iko sawa, ukatoka hospitalini ukipiga mluzi, ukapitia kwenye kitimoto au kwenye kuku wa kukaanga kujipongeza. Wewe unayesema, "Babu alikula hivihivi akafika miaka tisini," na hutaji kwamba babu alilima kwa jembe la mkono, alitembea mpaka mtoni, na nyama aliiona kwenye msiba na kwenye sikukuu. Kimya si msamaha. Kimya ni mlango ambao bado haujafungwa!

Na binadamu je? Timu hiyohiyo ilitazama picha za MRI za ubongo wa watu wanene, ikaona katika haipothalamasi alama zinazolingana na kovu la seli za glia. Kovu, pale penye gramu 4!

Niseme kwa haki, maana mhubiri anayetia chumvi anastahili kushushwa mimbarini. Panya si mtu. Panya wale walilishwa mafuta mengi kuliko yanayopatikana kwenye sahani ya kawaida ya nyumbani, na walilishwa kila siku, bila Ramadhani wala Kwaresima. Sisemi kwamba sambusa mbili za jana zimekuchoma ubongo. Nasema hivi: ile njia unayoiona salama kwa kuwa mizani imenyamaza, mizani haikuwa na uwezo wa kukwambia ni salama. Huo ndio uongo ulioulalia kama godoro!

Labda utajitetea: moto huo ni moshi tu wa unene, unene ndio uliotangulia. Hapana! Mwaka 2017 watafiti wa San Francisco waliwapunguza maikroglia kwa panya, au wakawafunga mikono wasiwashe mwako. Panya hao walipolishwa mafuta, walikula kidogo kuliko wenzao na hawakunenepa kama wenzao. Kisha wakafanya kinyume chake. Wakawapagawisha maikroglia kwa makusudi, wakati panya wanakula chakula cha kawaida kabisa. Wakaanza kula zaidi. Miili yao ikachoma nguvu kidogo. Wakanenepa! Chakula hakikubadilika. Kilichobadilika ni hali ya mgambo.

Na hapa nakugeukia wewe mwembamba, uliyekaa pembeni unatikisa kichwa kukubaliana nami. Acha! Usinipigie makofi! Wewe unayemwambia dada yako "funga mdomo tu, si kazi kubwa," unayemtania mwenzako ofisini mbele ya watu, unayempa mkeo jina la gari kubwa halafu unacheka peke yako. Umemcheka mtu aliyezimiwa taa. Barua zake hazifikishwi, mgambo wake amepagawa, neva zake za kushiba zimo ndani ya moshi, nawe unamwita mvivu! Omba radhi. Omba leo. Kisha rudi kwenye sahani yako mwenyewe, maana yule panya wa siku ya tatu alikuwa mwembamba kama wewe.

Nawe wa Jumatatu, nimekuona, hapo umetabasamu. Umesikia "si kosa la mdomo" ukapata pa kujificha. Toka humo! Kama kichaka kinawaka, swali la nani aliyewasha linaweza kusubiri. Maji hayawezi kusubiri!

Usiniambie unasubiri dawa. Ziko za sindano, zinasaidia wengi, na daktari wako akikuandikia usibishane naye kwa sababu ya makala hii. Usiniambie umesikia habari za Korea Kusini. Nami nimezisikia: mwaka 2023 watafiti wa huko waliwapa panya wanene kemikali inayowatuliza astrosaiti waliovurugika, na panya wakapungua huku wakila kama kawaida. Habari njema! Lakini hiyo ni habari ya panya. Je, utaila habari hiyo asubuhi na chapati tatu huku ukingoja ifike duka la dawa la mtaani kwenu?

Mimi mwenyewe ninaandika haya na kipande cha kashata mezani. Nimeshakisukuma mara mbili. Sikuhubirii kutoka mlimani.

Basi sikia neno lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka 2014 watafiti walichukua panya walionenepa kwa miezi kadhaa ya mafuta, wenye ile hitilafu ya glia inayoonekana hata kwenye picha za MRI. Hawakuwapasua. Hawakuwapa dawa ya maajabu. Waliwarudishia chakula chao cha kawaida. Basi! Wiki chache baadaye uzito ulikuwa umeshuka, na watu wa uani walikuwa wameanza kutulia. Ilirudi ile hali iliyodhaniwa kuwa hawataiona tena!

Umesikia? Inarudi! Wale waliopagawa hutulia. Wale waliotuna hunywea. Kilichodhaniwa ni kaburi ni chumba chenye moshi, na chumba chenye moshi hufunguliwa madirisha.

Kwa mtu safari ni ndefu zaidi, sitakudanganya. Watafiti wa Brazil mwaka 2011 waliwafuatilia watu wanene waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Baada ya kupungua, utendaji wa haipothalamasi ulirejea kwa sehemu. Kwa sehemu, si wote. Neno hilo "sehemu" lina pande mbili. Upande mmoja ni tumaini: hata aliyekwenda mbali, kuna kinachorudi. Upande wa pili ni kengele: inawezekana kabisa kila mwaka unaochelewa unakula kwenye hicho kitakachorudi. Sasa niambie tena habari za Jumatatu!

Geuka!

Geuka ukiwa bado unapanda ngazi. Geuka wakati daktari bado anaandika "chunga chakula" na hajaandika jina la dawa ya tatu. Geuka mkanda ukiwa bado na matundu mawili!

Usinigeuzie hoja kwamba nimeharamisha mapishi ya mama. Watu wa Pwani, msinirushie mawe; sijasema wali wa nazi uondoke duniani. Nimesema mafuta mazito, yale yanayoganda kwenye baridi, ndiyo yaliyoonekana kwenye maabara kumchokoza maikroglia, na nazi na mawese yamo humo, pamoja na samli na mafuta ya nyama. Pika wali wa nazi siku ya mgeni, ule, ulambe kidole, umshukuru Mungu. Ninachokukemea ni kukaanga asubuhi, kukaanga mchana, kukaanga usiku! Andazi, chipsi, kuku wa mafuta. Andazi, chipsi, kuku wa mafuta. Na soda juu yake, kama mtu anayezima moto kwa petroli.

Rudi kwenye maharage. Rudi kwenye mchicha, mtama, dagaa wa kuchemsha, ndizi za kupika. Rudi kwenye chungwa, siyo juisi ya pakiti iliyochorwa chungwa. Jirani atasema umefilisika. Mwache aseme!

Tembea. Shuka kituo kimoja kabla ya chako. Kwa panya waliokimbia kwenye mashine ya mazoezi, mwako ule wa haipothalamasi ulipungua hata walipokuwa wakila mafuta. Miguu yako inafika mpaka ubongoni, na hukulipia nauli!

Na ulale! Mwaka 2004 huko Chicago vijana wa kiume 12 walilala kwa muda wa saa 4 tu kila usiku, kwa usiku mbili. Leptini, ile barua ya kushiba, ilipungua kwa asilimia 18. Homoni ya njaa, ghrelini, ilipanda kwa asilimia 28. Usiku mbili! Na wewe uliyekesha na simu mpaka saa nane, unajiuliza kwa nini supu na chapati vinakuita kwa jina alfajiri.

Usijinyime chakula mpaka uzimie, usifuate mtu anayeuza chai ya kukondesha kwenye kisanduku chenye picha ya kiuno, usitupe dawa zako za sukari au presha kwa sababu umesisimka. Hiyo siyo toba, huo ni wazimu mwingine. Nenda kliniki, pimwa, sema ukweli unachokula. Sema wote! Nesi ameshasikia mabaya kuliko yako.

Nakusikia ukisema, nitafakari kwanza. Umetafakari miaka! Umetafakari ukitafuna! Kinachotakiwa sasa siyo wazo jipya. Kinachotakiwa ni mlo mmoja. Huu wa leo. Watu wa uani hawaombi ahadi ya mwaka mzima. Wanaomba usiku mmoja wa kupumua, halafu mwingine, halafu mwingine.

Hebu ona. Ni saa mbili usiku. Umeshuka kwenye daladala, mfuko umening'inia begani. Nyumbani maharage ya jana yamo kwenye sufuria, na fungu la mchicha halijafunguliwa kamba. Kwenye kona kibanda kiko palepale, taa imewashwa, mafuta yanachemka. Kijana wa chipsi anakujua. Hata hasubiri uagize. Yai liko mkononi, kiganja kimeshainuliwa juu ya ukingo wa bakuli. Anakutazama, anatabasamu.

"Bosi, kama kawaida?"

Mjibu!